Mama Laurentine na Kuku wa Tatu

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2009, Mama Laurentine Ngosa, mkaguzi wa kuku katika ofisi yetu ya mifugo hapa Lubumbashi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano na miezi minne ya kazi. Aliingia Februari 1974 akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, vyeti viwili na baiskeli moja nyeusi ya kiume. Vyeti viliibwa mwaka wa tisini na moja. Baiskeli anaondoka nayo.

Mimi ni Mwansa, karani wa ofisi. Nimekaa meza moja naye kwa miaka kumi na sita, na ndiyo maana nikapewa kuandika kurasa hizi za ratiba ya sherehe. Mkuu wetu aliniomba niandike kwa furaha na nisirefushe. La kwanza nitajitahidi. La pili, anayenifahamu anajua kwamba aliomba bure.

Faili za wafanyakazi zinakaa kwangu, kwa hiyo naweza kuwaambia kilichomo katika faili ya Mama Laurentine bila kubahatisha. Mna barua saba za pongezi, maombi manne tu ya likizo, na barua moja ya lawama. Moja, kwa miaka thelathini na mitano. Wengi humu ukumbini wanaijua barua hiyo, na sokoni inajulikana kuliko zile saba zote. Nitafika kwayo. Niacheni kwanza niseme mazuri, maana hayo nimeyaandaa kwa muda mrefu.

Alipoajiriwa, ofisi ilikuwa na wanaume kumi na mmoja na hakuna mwanamke hata mmoja. Wanaume walijigawia ng'ombe, wakajigawia mbuzi, wakajigawia hata nguruwe, na binti mgeni wakamwachia kuku, kazi ambayo waliiona ni ya jikoni. Hawakujua walilolifanya. Ng'ombe wa mji huu wanahesabika, lakini kuku wameingia kila nyumba, kila kilio, kila harusi na kila ubatizo. Baada ya miaka mitano hapakuwa na mtaa ambamo mama huyu hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina, na mtu huyo kumkaribisha aketi.

Mwaka wa tisini na moja, mji ulipoporwa, ofisi yetu ilibebwa. Sisemi vitu vya ofisi, nasema ofisi: viti, mashine ya kuchapa, vioo vya madirisha, na mlango pamoja na fremu yake. Kitu pekee kilichobaki ni hadubini, ile ile iliyo mezani leo. Mama Laurentine aliifunga kwa kitenge, akaitia katikati ya kiroba cha mbolea ya kuku, akakiacha kiroba wazi mbele ya ukuta. Waporaji walikiruka siku mbili nzima wakiziba pua. Alipoulizwa baadaye alijibu kwamba hajaona bado mtu anayeiba mavi.

Miaka iliyofuata mnaijua. Kampuni kubwa ya migodi iliyowalisha baba zetu ilianguka, nchi ikabadilishwa jina, vita vikaja na kupita, na sisi tukaendelea kuandika ripoti nyuma ya karatasi za zamani, tukikata kwa kalamu jina la nchi ya juzi. Mama Laurentine alikwenda sokoni kila siku ya kazi. Alikuwa akisema kuku hawasomi magazeti.

Sasa nieleze jinsi alivyofanya kazi, maana mbinu yake haimo katika kitabu chochote, na bila kuielewa hamtaelewa barua ya lawama.

Kwetu mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. Mkaguzi akimaliza kuangalia vizimba, mwenye kuku humfunga kuku mmoja miguu na kumkabidhi. Anaitwa kuku wa heshima. Kumkataa ni kumwambia mwenzako kwamba mkono wake ni mchafu. Kumla nako, alikuwa akisema Mama Laurentine, ni shida nyingine, maana koo lililopitisha kuku wa mtu linaona haya kumwambia mtu huyo hapana. Basi yeye hakukataa na hakula. Aliwapeleka wote nyumbani kwake Makomeno, wakiwa hai, na kila mmoja alimfunga mguuni uzi wa sufu uliobaki katika kufuma kwake. Kila mfanyabiashara alikuwa na rangi yake, na kila kuku aliandikwa katika daftari lenye jalada la kijani.

Ajabu ni alichokigundua baada ya miaka michache. Hakuna mtu anayempa mkaguzi kuku wake mzuri. Anapewa yule aliyezubaa, yule anayesinzia mchana, yule ambaye mnunuzi amemshika kifuani akamrudisha. Kwa maneno mengine, kila mfanyabiashara alikuwa akimpelekea nyumbani, kwa hiari yake na kwa tabasamu, yule kuku aliyetaka kumficha. Kuku mwenye uzi wa bluu akikohoa Jumanne, Jumatano asubuhi Mama Laurentine alikuwa kwenye vizimba vya mwenye bluu, akiuliza maswali yaliyonyooka. Watu waliapa ana wapelelezi. Wengine walisema ana dawa.

Wageni hao hakuwachanganya na wenyeji. Uani pake palikuwa na mzoga wa Peugeot wa marehemu mumewe, hauna injini wala magurudumu, lakini milango yote inafunga. Kuku mpya alikaa ndani ya gari siku kumi na nne peke yake au na waliokuja naye, kabla ya kuruhusiwa kutembea uani. Majirani waliiita hoteli. Kuna aliyekufa hotelini, na kuna aliyepona akataga mayai juu ya kiti cha dereva.

Mwaka 2006, habari za mafua ya ndege zilipoingia katika bara letu, tulipokea mabuti, barakoa, mabango na boksi la vipimo. Tulifundishwa siku tatu katika ukumbi wa chuo, Kasapa. Mabango yalikuwa mazuri sana, na sokoni yalitumika kufunikia vizimba mvua isiwanyeshee kuku. Mama Laurentine hakugombana na mtu. Alikwenda kwa Mama Kahambu, mkubwa wa wauza kuku wa jumla, mama wa Kivu ya Kaskazini ambaye malori yake yanateremsha kuku wa Sakania, mji wa mpakani, mara mbili kwa wiki, na ambaye neno lake pale sokoni lina uzito kuliko mhuri wetu. Walikaa nusu siku. Walipoinuka, soko lilikuwa na sheria mbili: Jumatatu hakuna kuku sokoni, vizimba vinaoshwa na kukauka, na kuku ambaye hajauzwa jioni hapelekwi nyumbani kulala na wenzake kisha kurudishwa kesho. Sheria hizo zilishikwa miaka miwili, na naamini zilituokoa na mengi ambayo hatutayajua kamwe.

Halafu ukaja mwisho wa mwaka jana. Bei ya shaba ilianguka, na viwanda vilivyokuwa vimefunguliwa juzi vikafungwa ndani ya mwezi mmoja. Watu walitoka getini kwa maelfu. Mwenye familia hawezi kukaa akitazama ukuta, kwa hiyo aliyekuwa na kidogo alipanda treni hadi Sakania, akanunua kuku wa mayai waliozeeka, akarudi nao kuuza. Soko la kuku liliongezeka maradufu kabla ya Noeli. Uliona wanaume wazima wakiuza kuku wakiwa bado wamevaa mabuti ya kiwandani. Mmoja wao alikuwa Mzee Kalaba, miaka ishirini na sita mbele ya tanuru la kuyeyushia shaba, sasa ana kuku kumi na wanane na aibu usoni. Nani angemwambia huyo kwamba Jumatatu hauzwi kuku? Sheria zikafa, na sisi tulizitazama zikifa.

Siku ya mwaka mpya Mama Kahambu alimletea Mama Laurentine kuku watatu badala ya mmoja, kama salamu za mwaka. Uzi wake ni mwekundu. Mama Laurentine aliwafunga nyuzi, akawaandika, akawatia hotelini. Jumatatu tarehe 5 Januari alisafiri kwenda Sakania kuangalia kuku wanatoka kwa nani na katika hali gani, akaniachia ufunguo wa nyumba yake niwalishe.

Hapa kalamu inakuwa nzito, ndugu zangu, lakini nimeshaanza.

Jumatano alifariki mjomba wa mke wangu Lydie, kule Kasapa, mitaa ya nyuma ya chuo. Mkwe haendi kilioni mikono mitupu, na nyumbani mwangu wiki ile hapakuwa na kitu cha kushika mkononi. Alhamisi asubuhi nilikwenda Makomeno kulisha kuku. Wale wa uani walinikimbia. Wale wa garini hawakuwa na pa kukimbilia. Nilifungua mlango wa nyuma, nikanyoosha mkono, nikamshika mmoja, nikakata uzi mwekundu kwa meno. Nilijiambia nitamrudisha mwingine kabla mama hajarudi. Karani wa ofisi ya mifugo, mwenye cheti cha siku tatu za Kasapa ukutani, ndiye aliyemtoa kuku karantini na kumpeleka mahali ambapo watu wa miji minne walikuwa wamekusanyika.

Jumamosi wale wawili waliobaki walikuwa wamevimba vichwa, vilemba vimekuwa vya zambarau. Nilimpigia simu Mama Laurentine. Jumapili jioni alishuka kwenye treni na kwenda moja kwa moja uani, akawakuta wamekufa. Alivaa glavu, akapitisha usufi kooni na nyuma, akaweka sampuli katika barafu tuliyoomba kwa muuza samaki. Vile vipimo vya boksi vilikuwa vimepita tarehe. Majibu yangetoka mbali, kwa ndege, baada ya wiki nyingi. Mimi niliandika kwenye kitabu cha sampuli: kuku wawili. Nilijikunyata juu ya kitabu, naye akadhani nina baridi, akaniazima sweta yake.

Jumatatu asubuhi tulikuwa sokoni. Katika vizimba vya Mama Kahambu, na safu mbili zinazopakana navyo, kuku walikuwa wakianguka. Mama Laurentine alisema lililopaswa kusemwa: soko lifungwe, na safu tatu hizo ziuawe zote, wagonjwa na wazima, kabla jua halijatua, kwa sababu kama hayo ni mafua ya ndege hayatatusubiri tupate majibu. Hakuwadanganya. Aliwaambia hakuna fidia, na kwamba hana hakika. Watu walianza kusogea. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliokwisha kupoteza kazi mara moja katika miezi miwili, na sasa mwanamke mwenye mabuti ya mpira alikuwa akiwaambia wapoteze tena. Mzee Kalaba alikuwa ameketi juu ya kizimba chake, kama anayeweza kukizuia kwa uzito wake.

Mama Kahambu ndiye aliyeinua mkono, na watu wakanyamaza.

"Mama, weye unatuambia tuue. Na ile kuku yenye iko kwako, yenye tulikupatia sisi wenyewe, ile utaifanya nini?"

Mama Laurentine alikuwa na kuku arobaini uani, baadhi yao wamekaa naye miaka. Kulikuwa na jogoo mmoja aliyemwita Shefu, aliyekuwa akimsindikiza hadi getini kila asubuhi. Hakufikiri kwa muda mrefu.

"Tutaanzia kwangu," akasema.

Tulikwenda Makomeno kwa miguu, watu wapata sitini, mimi nikiwa nimebeba daftari la kijani kifuani. Alisimama uani, akafungua daftari, akasoma rangi moja baada ya nyingine, kila mfanyabiashara akaitazama yake, na kila kuku aliyesomwa akavunjwa shingo na kutiwa kirobani. Shefu alimshika yeye mwenyewe. Hakulia, lakini alisahau kusoma mstari uliofuata, nikamwonyesha kwa kidole. Mwisho alifika kwa walioko garini: wekundu, watatu. Wawili walikuwa kirobani tangu jana.

"Kuku yangu ya tatu iko wapi?" Mama Kahambu akauliza.

Nimewahi kusimama mbele ya askari wenye bunduki katika mji huu. Sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Kama ningesema, sijui watu wale wangenifanya nini, na siwalaumu. Mama Laurentine alitazama mlango wa gari, akatazama daftari, kisha akanitazama mimi. Nadhani ilimtosha.

"Haiko," akasema. "Mi njo mwenye nilikosa."

Mnong'ono ulipita uani. Mama aliyewaambia waue kuku wao wote alikuwa na kuku mmoja asiyeonekana, na kuku asiyeonekana kwa kawaida yuko tumboni mwa mtu au ameuzwa. Mama Kahambu alijifunga kitenge upya, akarudi sokoni, akaanza kuwatoa kuku wake mwenyewe vizimbani, mmoja mmoja, kwa sababu ahadi ilikuwa imetimizwa na yeye ni mtu wa neno. Waliofukuzwa migodini walichimba shimo kwa muda ambao ofisi yetu ingeutumia kutafuta koleo. Mzee Kalaba alimwaga chokaa. Alimwaga vizuri, sawasawa, kama fundi, na kuku wake kumi na wanane wakiwa chini.

Chokaa ilipokwisha kumwagwa, Mama Laurentine alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kilio ya muyomba wa Lydie iko wapi? Tuende."

Sikuwa nimemwambia lolote. Lakini alijua kwangu kuna msiba, na anajua desturi za mji wake.

Kasapa aliingia kama mtu wa kilio. Alivua viatu, akaketi chini na wamama, akalia nao, akauliza marehemu aliugua nini, akasikiliza hadi mwisho. Ndipo alipoomba kuona kuku. Kuku wangu alikuwa amekufa tangu Jumamosi. Walimtupa nyuma ya choo wakidhani ameuawa na mvua. Wengine wawili walikuwa wamemfuata. Sita walikuwa bado wamefungwa chini ya meza, wamelegea. Kesho yake ilikuwa siku ya kuondoa kilio, na kuku ambao wasingechinjwa wangegawiwa wageni wa mbali waondoke nao: wa Likasi, wa Kipushi, wa Sakania. Tulifika siku moja kabla. Mficha maradhi, kilio humfichua, walisema wazee, nami nilikuwa nimeketi katikati ya methali yenyewe.

Wafiwa walimpa kuku wote. Siku ya kuondoa kilio watu walikula bukari, ugali wetu, na maharage, na hadi leo ukoo wa mke wangu unanitaja kama mkwe aliyenyima kilio nyama. Wiki mbili mfululizo Mama Laurentine alikwenda Kasapa kwa baiskeli kila jioni kuangalia kama kuna mtoto anayekohoa au mwenye homa. Hakupata hata mmoja.

Majibu yalifika mwisho wa Februari. Hayakuwa mafua ya ndege. Kilikuwa kideri, ule ugonjwa wa zamani unaofagia banda zima lakini hauui mtu. Sokoni wapo waliosema aliwaua kuku kwa bure. Yeye alicheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu Januari, akasema muntu anayezima moto hasikitiki akiambiwa ulikuwa mdogo. Kisha alitafuta chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, na tangu Machi kila kuku anayeshuka kutoka Sakania anapata tone lake. Jumatatu imerudi kuwa siku ya kuosha, na anayesimamia kuosha ni Mzee Kalaba, ambaye sasa ana kuku thelathini na fimbo ya kuwatisha wavivu.

Lakini kuku wa tatu hakusahauliwa. Mkuu wetu alipokea malalamiko ya soko na hakuwa na jinsi. Tarehe 6 Februari aliniita nichape barua ya lawama kwa Mama Laurentine Ngosa, kwa uzembe katika kutunza kuku waliokuwa chini ya uangalizi. Niliichapa mimi, kwa vidole hivi. Kabla ya kuichapa nilimfuata pembeni, nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Ilikuwa miezi ambayo watu walikuwa wakitafutiwa sababu ya kuondolewa kila mahali, na sisi wawili tulijua karani aliyetoa kuku karantini angeondoka siku hiyohiyo.

"Miye niko naenda," akaniambia. "Weye uko na bana batano. Chapa barua."

Nilimpelekea aweke sahihi. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema pambizo ya kushoto imepinda, kazi ya ofisi yetu haitoki namna hiyo. Nikaichapa mara ya pili.

Tangu siku hiyo Mama Kahambu humsalimu Mama Laurentine kwa adabu zote, humfungulia vizimba vyote, na hajampa tena kuku. Aliyeona mama huyu akirudi nyumbani jioni, kikapu kitupu nyuma ya baiskeli, anajua kwamba hiyo ndiyo adhabu aliyoisikia. Barua iliingia kwenye faili. Kikapu kilimwingia moyoni. Miezi mitano nimekaa meza moja naye nikila karanga zake, na sikuwahi kumsikia akitoa hata utani juu yake, yeye anayetania kila kitu.

Mkuu wetu hakuisoma ratiba hii kabla haijachapwa. Ataisoma pamoja nanyi, na namwomba radhi. Mama Kahambu, najua umeketi safu ya pili, upande wa mlango. Kuku wako wa tatu nilimchukua mimi, Mwansa. Mama huyu hakumla, hakumuuza, wala hakuwa mzembe. Alikuwa Sakania akitafuta ugonjwa ulikotoka, na mimi ndimi niliyeachiwa ufunguo.

Mama Laurentine, ulinifundisha kwamba mtu humpa mkaguzi yule kuku anayetaka kumficha. Nami huyu ndiye kuku niliyemficha, nimekuletea leo mbele za watu. Aliye badala yake yuko kwenye kikapu chini ya meza yako. Ana afya, kifua chake kimejaa, amepata tone lake jichoni, na amekaa peke yake nyumbani kwangu siku kumi na nne kamili. Watoto wangu batano ni mashahidi. Mguuni ana uzi mwekundu. Huo sikuufunga mimi. Jana jioni nilikwenda kwa Mama Kahambu na kumweleza yote, ili asiyasome kwanza mbele za watu. Aliingia ndani, akatoka na uzi, akamfunga kwa mkono wake.

Kwa niaba ya ofisi nzima, na ya soko, na ya kile kilio cha Kasapa kilichokula maharage, tunakushukuru. Nenda upumzike, lakini usipumzike sana. Hoteli ya Makomeno haina mgeni hata mmoja na viti vyake vinaharibika. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye heri, kama zile ulizotulindia sisi.

Barua mpya ya lawama, yenye jina langu, iko mezani kwa mkuu na inangoja sahihi yake. Nimeichapa mara moja tu. Pambizo zake zimenyooka.